Hedifoni Zilizokaa Eda

Haitham Borafya hakuwa fundi simu kama mafundi wengine wa Mlandege. Wenzake walijua kutengeneza simu. Yeye alijua kutengeneza wenye simu, na kazi hiyo haihitaji bisibisi. Duka lake lilikuwa la mlango mmoja, lina kabati la kioo lililojaa maiti za simu, na stuli moja ya mteja ambayo Haitham aliikata miguu makusudi, ili anayekaa amtazame fundi kutoka chini.

Asubuhi moja akaingia Bwana Machano wa Kiponda, mstaafu wa bandarini, mtu mwenye moyo safi na sauti ya kusikika ng'ambo ya pili. Mkononi alibeba hedifoni kubwa, zile zisizo na waya, za kufunika masikio yote mawili. Mkewe, Bi Mwanapili, ndiye aliyemnunulia, si kwa mapenzi tu, bali kwa sababu alichoka kusikia mpira wa redioni tangu magharibi mpaka usingizini. Akazishonea na vifuniko vya kipande cha kanga, ili zisimtoe jasho mume wake.

"Shikamoo, mzee wangu," Haitham alisema.

"Marahaba. Fundi, hiki kidubwana kimenigomea. Juzi nilimwazima mke wangu, akakisikilizia kwa simu yake. Toka siku hiyo nkikiwasha chamwendea yeye tu. Na simu yangu yaniandikia maneno haya. Nisomee, miwani nimeisahau."

Haitham akasoma. "Imeshindwa kuoanisha."

"Imeshindwa nini?"

"Kuoanisha."

Bwana Machano akajikalia kwenye stuli fupi, akafikiri. "Kuoana," alisema polepole. "Ala! Kumbe ndo hivyo. Kishaolewa na simu ya Mwanapili!"

Sasa, msomaji mwema, ukweli wa jambo hili ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Ubavuni mwa hedifoni pana kitufe. Ukikibonyeza bila kukiachia mpaka taa imete nyekundu na buluu, kifaa husahau kila simu kiliyowahi kuijua, na unaanza upya na unayoitaka. Kazi nzima ni ya muda wa chafya moja. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumlipa mwenziwe kwa kupiga chafya.

Haitham alimtazama mzee, akaitazama hedifoni, na riziki ikaingia dukani bila ya kupiga hodi.

"Umefahamu mwenyewe, mzee wangu, mie ntakuficha nini. Chombo hiki kina ndoa."

"Basi kiachwe!"

"Talaka nnatoa mie, ndiyo kazi yangu. Lakini..." Hapo akashusha pumzi ya mtu mcha Mungu. "Weye mtu mzima. Kiachwe leo, kiolewe leo leo?"

"Astaghfirullah!" Bwana Machano aliinuka kwenye stuli. "Si lazima kikae eda kwanza!"

"Mie sijasema. Umesema weye."

Hapa inafaa tuwaombe radhi masheikh wote wa Unguja. Eda, ule muda wa kungoja wa mke aliyeachwa, ni jambo zito, lina wenyewe na lina kanuni zake, na hakuna kitabu hata kimoja kinachotaja betri. Lakini Haitham alikuwa na kipaji cha kumwacha mtu ajidanganye mwenyewe, kisha akamtoza ada ya kumsikiliza.

Ili mzee asiwe na shaka, alimwonjesha. Aliingiza mkono chini ya meza, akakohoa, akabonyeza, na mara simu ya Bwana Machano ikaandika kwamba imeoanishwa. Sauti ya mtangazaji wa mpira ikasikika kwenye masikio ya hedifoni. Mzee alitabasamu mpaka gego likaonekana. Haitham akaizima haraka.

"Umeona? Imekubali. Hii ilikuwa posa tu. Ukiitumia sasa, ndani ya eda, itaharibika. Iache kwangu wiki mbili. Na blututhi ya simu yako usiizime hata kidogo, usiku na mchana, ili simu imsubiri mwenziwe."

"Akae wapi?"

"Kabati langu lina pazia."

"Hatotoka nje?"

"Mzee wangu," Haitham alisema kwa uchungu, "mtalaka atoke nje?"

Habari ilienea mjini, maana maneno yenye talaka ndani yake hayajawahi kuchelewa njiani. Bi Ummkulthum wa Mkunazini, aliyewasomesha historia nusu ya watu wa mji, alileta hedifoni yake na kuuliza kama itachanganywa na za wanaume. Kijana wa benki alileta yake. Hata wakili mmoja alikuja, akahoji sana, akapewa majibu, akalipa. Kila mmoja alionjeshwa posa, akaagizwa aache blututhi wazi, akaenda zake ameridhika.

Nyuma ya pazia wale watalaka hawakukaa hata siku moja.

Kila alasiri Haitham alizitia ndani ya mkoba na kwenda nazo Forodhani, akazikodisha kwa watalii. Alikuwa amejirikodi kwa Kiingereza cha kujiamini, akieleza historia ya Mji Mkongwe, na rikodi hiyo akawarushia wageni kwenye simu zao. Kwa mujibu wake, kila mlango wenye misumari ya shaba ulikuwa wa binti mfalme, na kila binti mfalme alikufa kwa mapenzi. Kwa kadiri ya mabinti aliowaua, ni ajabu kwamba ukoo ule ulidumu hata mwaka mmoja. Wageni walisikiliza kwa huzuni, wakalipa, wakarejesha hedifoni zimenuka mafuta ya jua.

Kisha akatokea Bi Damyanti. Huyu alikuwa na hoteli yake Shangani, mwanamke wa maneno machache, aliyerithi biashara kwa baba na jicho la biashara kwa mama.

"Nimesikia habari za matembezi yako," alimwambia. "Wageni wangu wanachoka na mambo yale yale. Hedifoni unazo za kutosha?"

"Bi Damyanti, nnazo kabati zima."

"Zako?"

"Za nani tena?"

"Basi Jumamosi ntatembea nawe mwenyewe. Nkipenda, kazi yako kila siku, mwaka mzima, kwangu na kwa hoteli za dada zangu."

Mtu mwengine angesubiri Jumamosi ifike. Haitham alikwenda siku ile ile kumrejeshea aliyempangisha duka ufunguo wake, akamwambia na maneno ya ziada kuhusu paa linalovuja, maneno ambayo humwambii mtu unayetegemea kurudi kwake. Akanunua shati la kitani na miwani ya jua. Yote aliyokuwa nayo duniani sasa yalikuwa ndani ya mkoba mmoja, na hayakuwa yake.

Jumamosi alasiri msafara ukaondoka Shangani. Mbele Haitham, nyuma yake wageni wamevaa hedifoni, na mwisho kabisa Bi Damyanti na mwavuli wake. Bibi mmoja wa Kijerumani, mrefu, mwenye kofia ya ukili, alipata zile zenye vifuniko vya kanga, akafurahi sana kwa kudhani ni urembo wa kienyeji aliochaguliwa yeye.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mkunazini. Haitham, aliyejua kila hila ya mjini, alisahau mambo mawili. La kwanza, hedifoni za siku hizi nyingi zinaweza kushika simu mbili kwa pamoja, na zikiipata simu zinayoikumbuka hapo karibu, huidaka. Alikuwa amezionjesha zote simu za wenyewe, kisha kwa wageni akabonyeza kidogo tu, kwa kuongeza simu nyengine, akaona uvivu kuzisahaulisha. La pili, Mji Mkongwe ni mdogo na vichochoro vyake ni vyembamba, na kila mteja wake aliishi humo, blututhi wazi, kama alivyoagizwa.

Walisimama mbele ya mlango mmoja ili rikodi inyamaze na wageni wapige picha. Rikodi ikanyamaza. Mara mzee mmoja wa Kifaransa akaanza kusikia ujumbe wa sauti wa wanawake wakigombania zamu ya upatu. Akavua kofia kwa heshima, akidhani anasikia lugha ya masultani. Ghorofani, dirisha likafunguka na Bi Ummkulthum akachungulia na simu yake mkononi.

"Mbona imenyamaza hii? Yasema imeunganishwa. Imeunganishwa na nani?"

Haitham akaharakisha msafara. Akaupeleka Kiponda, ambako palikuwa pabaya zaidi.

Wakati huo Bi Mwanapili alikuwa Darajani, anarudi nyumbani na mkoba wake wa mboga. Akampigia mumewe kumuuliza anunue mikate ya boflo mingapi. Simu ya Bwana Machano ilikuwa mezani ndani. Lakini mlio uliingia kwenye masikio ya yule bibi wa Kijerumani aliyekuwa akipita nje ya nyumba. Bibi akashituka, akagusa hedifoni ili azime kelele, na kwa kugusa akaipokea simu.

"Halo?" alisema bibi wa Kijerumani. "Halo? Halo?"

Bi Mwanapili hakununua boflo. Alifika Kiponda kwa mwendo ambao daktari wake wa presha asingeuruhusu. Na alichokikuta ni hiki: mume wake yuko kizingitini na msuri na fulana, amezungukwa na wanawake wa kizungu, na mmoja wao anampungia mkono, kwa sababu vitabu vya watalii vinafundisha kuwachangamkia wenyeji.

"Machano! Nnapiga simu yako napokelewa na halo halo ya kizungu! Huyu nani?"

"Mwanapili, wallahi simjui!"

"Humjui, na kavaa hedifoni yako? Kanga hii nimeishona kwa mkono wangu!"

Bwana Machano akayatazama masikio ya mgeni. "Hiyo... hiyo iko eda!"

"Iko wapi?"

"Eda! Kwa Haitham! Nyuma ya pazia!"

Katika ndoa yao ndefu Bi Mwanapili alikuwa amesikia visingizio vya kila namna, vya boti kuchelewa na vya maziko ya watu wasiojulikana. Hiki kilikuwa kipya. Akaweka mkoba wake chini.

"Nnakwenda kwa kaka yangu, kule Mwanakwerekwe. Nguo zangu zitafuata."

Bwana Machano aliogopa kweli. Alimpenda mwanamke yule kuliko alivyowahi kumwambia, na sasa alisimama kizingitini na macho yanamlenga machozi. Akamwona Haitham, ambaye ghafla alikuwa ameshughulika kukagua nakshi za mlango wa jirani.

"Haitham! Mwambie mke wangu!"

Neno moja la kweli lingetosha. Haitham alimtazama mzee. Kisha akamtazama Bi Damyanti chini ya mwavuli.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa adabu zote. "Tunajuana?"

Bi Mwanapili akainua mkoba wake. Kwa wakati huo kichochoro kilikuwa kimejaa: Bi Ummkulthum kateremka na kanga mbili, kijana wa benki kafika, na wakili naye, kila mmoja ameshika simu na kufuata hedifoni iliyomkimbia. Wageni nao walishika masikio, kila mmoja na kelele zake.

Ndipo Bi Damyanti aliposema kwa mara ya kwanza tangu Shangani.

"Haitham, wageni wangu wanasikia nini?"

"Hitilafu ndogo tu, Bi Damyanti. Zimedaka simu za watu."

"Inatengenezeka? Maana kazi ya mwaka mzima siwezi kumpa mtu wa hitilafu."

"Kwangu mie?" Haitham alicheka kwa dharau.

"Itachukua muda gani?"

Duka hana. Ufunguo hana. Mwaka mzima wa riziki umesimama mbele yake chini ya mwavuli. Na juu ya hayo yote kulikuwa na ile fahari ya fundi, ambayo hata fundi wa uongo anayo.

"Bi Damyanti, hata kukohoa hujamaliza!"

Akaivua hedifoni kichwani mwa bibi wa Kijerumani, akaiinua juu watu wote waione, akabonyeza. Taa ikameta nyekundu na buluu. "Kwisha! Kishasahau dunia nzima." Akachukua ya pili, akabonyeza. Ya tatu. Alizifanya kwa madaha, mkono mmoja kiunoni. Alipofika ya nne akaona kichochoro kimenyamaza mno.

"Ndo basi?" Bwana Machano aliuliza.

"Basi," alisema Haitham, na hapo hapo akatamani kulimeza neno lake.

"Na wiki mbili zote mie nasikiliza mpira kwa jirani?"

Bi Mwanapili alikitazama kidole cha Haitham, akazitazama hedifoni, akamtazama mumewe. Hakuwa mwanamke wa kuelezwa jambo mara mbili. Hasira zake zikahama nyumba.

"Kwa hiyo mume wangu hana kosa ila ujinga."

"Sina," Bwana Machano aliitikia kwa furaha. "Ila ujinga."

Wenyewe wakaanza kuvua vifaa vyao masikioni mwa wageni. Bibi wa Kijerumani akapiga makofi. Tangu afike kisiwani, alisema, hajaona matembezi yenye waigizaji hodari hivi.

Bi Damyanti aliyasikia makofi yale. Akafunga mwavuli. "Bi Mwanapili, mngekuwa tayari kunikodishia mie vifaa vyenu, saa moja kila alasiri?"

"Tutazungumza," alisema Bi Mwanapili, na kwa sauti ile ilijulikana kwamba mazungumzo yatakuwa marefu.

"Na ile rikodi itupwe," Bi Ummkulthum aliongeza. "Mabinti wafalme gani hao? Ntasema mie."

Haitham akajipenyeza katikati yao, shati la kitani limemganda mgongoni. "Bi Damyanti, na mie je? Nani atawaoanishia wageni? Ile ni kazi ya ufundi ile!"

Bi Damyanti aliichukua hedifoni iliyobaki, akaweka kidole kwenye kitufe, akasubiri. Taa ikameta nyekundu na buluu.

"Kidole," alisema, "hata mie nnacho."