Barafu ya Kwenu na Jokofu la Kwangu

Jumatano, tarehe 5 Machi. Asubuhi: mawingu mepesi upande wa mashariki, upepo hakuna, nyuzijoto ishirini na tatu saa moja kamili.

Kwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamivu,
Taasisi ya Bahari za Ncha za Dunia na Tabianchi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUMKATAA BINTI YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaoshinda kwenye baridi. Mimi ni mtunza jokofu la chanjo katika kituo cha afya, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili. Mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, joto la jokofu husomwa na kuandikwa kwenye chati. Likishuka chini ya nyuzi mbili chanjo zinaweza kuganda. Likipita nane zinaharibika. Nyumbani nina daftari langu mwenyewe ambamo naandika hali ya hewa ya asubuhi, mambo ya siku na saa niliyolala, na nikichelewa kulala naandika sababu. Nasema haya ili ujue kwamba anayekulalamikia si mtu wa kubahatisha.

Wiki iliyopita nilipokea fomu yenu ya mdhamini. Binti yangu, ambaye hapa kituoni kila mtu anamwita Rula, ameomba kwenu nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu kwa miaka minne, kuhusu namna maji ya bahari yanavyoila barafu kwa chini. Mlimwambia ataje wadhamini wawili. Wa kwanza alimtaja mwalimu wake wa chuo. Wa pili mlitaka awe "mtu aliyemfundisha kupima", akanitaja mimi. Fomu isipowafikia kabla ya Ijumaa saa sita mchana, nafasi anapewa mwingine. Hilo mmeliandika kwa herufi nene.

Fomu sijaijaza. Ipo mezani, chini ya kikombe. Badala yake naandika barua hii kwa lugha yangu, kwa kuwa fomu yenyewe inaruhusu mdhamini atumie lugha yoyote. Naomba mumkatae. Sababu zangu ni hizi.

1. Tangazo lenu linasema "uzoefu wa maeneo ya ncha za dunia si lazima". Hapa kwetu hatujawahi kutangaza nafasi ya mkunga tukaandika kwamba si lazima awe ameshaona mjamzito. Nilimpelekea tangazo Sista, yaani muuguzi wetu mkuu, naye akalisoma mpaka mwisho akasema, "Mama Rula, hawa wanataka watu wasioijua baridi. Wanaoijua walishakataa." Naomba mlijibu hilo kwa maandishi.

2. Mjomba wake Rula, ambaye ni fundi bomba, aliposikia uzamivu na bahari alidhani mpwa wake anakwenda kupiga mbizi. Tukamweleza kwamba ni kusoma tu. Akauliza, "Kusoma wapi?" Tukamwambia ndani ya meli, wiki nane. Akauliza, "Sasa anajua kuogelea?" Hajui. Nimeipitia fomu ya maombi, kurasa kumi na nne. Mmeuliza kuhusu takwimu, kompyuta, lugha, na mambo anayopenda wakati wa mapumziko. Kuogelea hamkuuliza. Mjomba ameniagiza niwaambie kwamba yeye mwenyewe hamtumi mtu kwenye tangi la maji bila kumuuliza hilo kwanza.

3. Mnasema barafu inayeyuka, na kwamba jambo hili ni la dharura. Halafu mnasema masomo ni miaka minne. Kwetu jokofu likizimika tuna saa chache tu za kuhamisha chanjo, na hakuna anayeanza kwa kusoma vitabu. Lakini tuseme mko sahihi na inayeyuka kweli. Basi mwaka wa nne Rula atakuwa mtaalamu wa maji. Maji tunayo hapa, na hayahitaji meli.

4. Tangazo linamalizia kwa maneno "jiunge na familia yetu ya utafiti", na chini yake kuna picha. Nimewahesabu watu kumi na mmoja, wote wamevaa makoti mekundu, wote wanacheka. Hakuna hata mmoja anayeonekana kuwa mama wa mtu. Rula ana familia. Iko kamili na haijatangaza nafasi.

5. Sasa nakuja kwenye usaili. Mlimsaili kwa kompyuta, na kompyuta iliwekwa kwenye chumba changu cha chanjo kwa sababu ndicho pekee ambacho umeme wake haukatiki. Nilitoka nje nikasimama mlangoni. Mlikuwa watatu. Mwenye ndevu alimuuliza Rula atafanya nini vipimo viwili vikimpa majibu tofauti. Rula akasema, "Subiri nikuonyeshe," akanyanyuka na kufungua jokofu. Akaigeuza kompyuta ili mwone. Akaeleza kwamba kipimajoto cha zamani huzidisha nusu nyuzi, kwamba sisi tunalijua hilo tangu mwaka kilipoanguka, na kwamba hatukukitupa, bali tunaandika vyote viwili ili atakayekuja ajue tofauti ilianza lini. Maelezo yalikuwa mazuri. Mlango ulikaa wazi dakika mbili na sekunde kumi. Joto lilipanda kutoka nne na nusu hadi sita. Kwa kuwa sifichi kitu kwenye chati, niliandika: "Mlango ulifunguliwa kwa ajili ya profesa." Wiki iliyofuata alikuja mkaguzi, akaweka kidole hapo akauliza, "Profesa gani? Alikuwa anaumwa nini?" Siku ile ya usaili, jokofu lilipofungwa, yule mwenye ndevu alicheka, kisha akaandika kitu. Naomba kujua aliandika nini.

6. Tabia ya mwombaji haiwafai. Alipokuwa na miaka tisa alianza kupima barafu inayoota kwenye ukuta wa friza yetu, kwa rula ya shule, kila Jumamosi. Jina lake lilitoka hapo. Utaratibu unasema barafu ikifika milimita sita iyeyushwe. Siku moja nilikuwa nimeshazima friza na beseni nimeshaliweka chini, akasimama mbele yangu akasema, "Mama, bado. Ni tano na nusu." Nikamwambia asogee, hii ni friza ya serikali, si ya kwake. Akasema, "Ndiyo maana, Mama. Utaratibu ni wa serikali." Niliwasha tena. Tuliyeyusha Jumatatu ilipofika sita kamili, na milimita zake zote ninazo kwenye daftari mpaka leo. Sasa Mheshimiwa, huyo ndiye mnayetaka kumsimamisha mbele ya barafu yenye ukubwa wa nchi. Mimi mama yake sikuweza kumwondoa mbele ya friza. Ninyi mtamwondoaje? Atasubiri milimita ngapi ndipo arudi nyumbani?

7. Hili la saba ni la siri na naomba lisimfikie Sista. Rula anafundisha fizikia shule ya jirani. Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza anapitia kwangu, na jioni anapitia tena. Yeye anasoma kipimajoto, mimi naandika. Husema, "Nne na nusu, Mama." Mimi nasema, "Nimeona." Sijaona. Tangu miaka mitatu iliyopita mistari midogo ya kipimajoto imeamua kuungana. Namba kubwa nazipata, ila mistari hapana. Hatujawahi kulizungumza, yeye na mimi. Anapita tu kila siku, hata alipokuwa na malaria alipita. Kwa hiyo nauliza kwa utaratibu: mkishamchukua, nani atasoma? Watoto wanaochanjwa hapa kwa mwezi ni mia mbili na zaidi. Barafu yenu haina mtoto hata mmoja.

Kwa kuwa sipendi kulalamika bila kutoa njia, napendekeza yafuatayo. Badala ya kumpeleka Rula kwenye barafu, ileteni barafu kwa Rula. Inaweza kusafiri kwenye visanduku vya baridi kama chanjo zinavyosafiri, na fomu ya mapokezi nitaisaini mwenyewe. Friza yetu ina rafu moja wazi. Kama mnahitaji na bahari, mjomba yuko tayari kufunga tangi nyuma ya jengo, lita elfu mbili, chumvi juu yenu. Barafu ikizidi rafu moja, leteni kwa zamu. Na kama ncha ya dunia yenyewe haihamishiki, basi hamisheni hiyo Ijumaa.

Nimalizie kwa salamu. Nisalimie yule mwenye ndevu, nahodha wa meli, mpishi wa meli, na wote kumi na mmoja wenye makoti mekundu, pamoja na mama zao popote walipo. Sista na mjomba wanawasalimu. Rula hajui kwamba nawaandikia, kwa hiyo yeye hasalimu.

Ni mimi, kwa heshima na kwa masikitiko,

Mama Rula,
Mtunza Jokofu la Chanjo.

Nyongeza. Alhamisi, tarehe 6 Machi. Asubuhi: anga safi, upepo kidogo kutoka kusini, nyuzijoto ishirini na mbili.

Alhamisi hii daktari wa macho alikuwa na zamu kituoni kwetu. Saa moja na nusu, nikiwa nafuta rafu, Sista alinisimamia mlangoni akasema, "Mama Rula, kapange foleni." Nikamwambia mimi si mgonjwa. Akasema, "Miaka mitatu nakusubiri useme mwenyewe. Nimechoka kusubiri. Kapange foleni." Nilikuwa mtu wa pili. Miwani nimepewa hapohapo, fremu ya kahawia.

Saa mbili Rula alipoingia nilikuwa nimeshafungua jokofu. Kabla hajainama nikasema, "Nne na nusu. Cha zamani, tano." Akaangalia cha kwanza, akaangalia cha pili. Akaitazama miwani yangu. Kisha akasema, "Nne na nusu, Mama." Nikasema, "Nimeona."

Fomu nimeijaza. Panapouliza kama nampendekeza mwombaji palihitaji tiki moja, nimeweka tatu. Barua hii nilitaka kuichana, lakini fomu inataka "mifano halisi ya umakini na uvumilivu" na imetoa nafasi ya mistari mitatu, ambayo haitoshi. Nimeandika: tazama namba 5 na 6 za barua iliyoambatanishwa. Karani wetu anavipiga picha vyote na kuvituma leo kabla ya saa tisa.

Namba 1, 3, 4 na 7 naziondoa. Namba 2 inabaki palepale. Mfundisheni kuogelea kabla meli haijaondoka.

Kwenye daftari langu nimechora safu mpya, kati ya "jokofu" na "mvua". Naomba mtoto awe ananitumia joto la bahari kila siku saa mbili asubuhi ya huku. Ikiwa vipimo ni viwili, atume vyote viwili.

Usiku wa kuamkia leo nililala saa nane kasoro dakika kumi. Safu ya sababu nimeiacha wazi.