Muziki wa Zamu ya Tatu

Alhamisi, 2 Mei 1996

Miezi minne Renita anagonga mashine zake za muziki chini ya nyumba, dum dum dum, vikombe vinatembea kabatini. Mimi mama yake siambiwi kitu. Habari nimezipata kwa dada mwenzangu wa kanisani, Sista Wilma Pettiford, tena kwenye mazoezi ya kwaya, mbele za watu! Bwana Hightower, mwenye kampuni ya santuri, anatoa mkusanyiko wa muziki wa tekno, santuri mbili: pande tatu za wakongwe, na yeye mwenyewe yumo, upande wa nne wa chipukizi watatu. Mwanawe Wilma keshachaguliwa. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama Renita bado anafunga viti vya magari kiwandani.

Nilitabasamu mpaka meno yakaniuma.

Renita amekiri katuma kanda. Kwa jina gani? Hasemi. Kwa Hightower hutumi jina lako wala picha, ni la kubuni tu na sanduku la posta. Muziki ujisemee. Eti nikijua mimi, kanisa zima litajua kabla ya Jumapili. Mtoto niliyemzaa!

Ijumaa, 3 Mei

Nimepanda ofisini kwa Hightower, barabara ya Gratiot, na pai ya pichi. Nia: kumtaja Renita kama kwa bahati mbaya. Sikufika mbali. Alisema majina hataki kuyasikia, pai anaitaka.

Akala vipande viwili, akalegea. Akanipigia kanda anayoipenda kuliko zote, ya mtu anayejiita Zamu ya Tatu. Nikashtuka. Naujua huo muziki! Kila mlio! Nikamwambia, Bwana Hightower, huu nimeshausikia mara nyingi, wapi sikumbuki, ila huyo mtu kauiba. Sikusema uongo hata kidogo.

Akaitoa kanda mashineni.

Nafasi moja wazi! Nimerudi nyumbani naimba.

Jumatatu, 6 Mei

Renita kakaa jikoni na koti lake, barua mkononi. Chakula hataki. Nikaisoma polepole, kwa kidole. Wimbo wake umeondolewa. Mama mmoja mtu mzima, mcha Mungu, kathibitisha ni wa wizi.

Zamu ya Tatu. Na mtoto anafanya kazi zamu ya tatu, ya usiku, mwaka wa pili sasa. Ee Bwana.

“Mama, ni nani anaweza kunichukia hivyo?” aliniuliza.

Nikasema Wilma. Limetoka lenyewe.

Jumanne, 7 Mei

Sikulala. Kesho santuri inakwenda kuchongwa, na ikishachongwa haibadiliki. Asubuhi nimemfuata Hightower nikamwambia yote. Akasema kila mama humtetea mwanawe, hata akiwa mwizi, akataka ushahidi. Nikamleta nyumbani, nikamshusha chini, nikatia viatu vya raba vya Renita kwenye mashine yangu ya kufulia, ile mbovu, nikawasha. Dum, dum, tak. Dum, dum, tak. Mlio ule ule wa kwenye wimbo. Ndiyo maana niliujua: Renita alirekodi ufuaji wangu.

Hightower alisimama na kofia yake mkononi kama yuko ibadani. “Sista Earlene,” akasema, “wimbo unarudi. Ila wewe ofisini kwangu usikanyage.”

Renita alikuwa ngazini. Kasikia yote. Alijifungia chumbani mpaka chakula cha jioni, halafu akacheka hadi akalia, akanishika mkono.

Nimeapa. Sitaingilia tena mambo ya mtoto.

Jumamosi, 15 Juni

Santuri imefika dukani. Nimeigeuza kote kote: Zamu ya Tatu, basi. Renita Maddox hayupo! Wilma atajuaje?

Nilikuwa na kalamu nene kwenye pochi. Muuzaji alikuwa anaongea kwenye simu. Nakala kumi na nane, zote nimeziandikia kwenye kibandiko cha katikati kwa herufi kubwa: RENITA MADDOX, BINTI WA EARLENE.

Nimefika nyumbani ndipo nikaangalia ile niliyonunua. Nimeandika upande wa kwanza, si wa nne. Juu ya wimbo wa Hightower mwenyewe.

Si neno. Nimeshampigia Hightower simu. Nimemwambia nilimwona Wilma dukani, na kalamu.