Ndoo ya Bi Marlene Kwenye Chumba cha Dripu

Ofisi ya Utafiti wa Uzoefu wa Wagonjwa wa Saratani na Wanaowauguza, ambayo mkurugenzi wake ni mimi, Garth Lozinski, inafurahi kuutangazia umma wa jimbo letu la Saskatchewan, Kanada, kwamba kuugua katika hospitali yetu kumefikia ubora wa tisa nukta nane kati ya kumi. Nchi nyingine zinakaribishwa kuja kujifunza.

Matokeo haya hayakuja hivi hivi. Tuliwahoji watu mia nne. Huku kwetu mtu akiulizwa hali, hata kama mvua ya mawe imelaza ngano yake yote, atakujibu, "Siwezi kulalamika." Wageni huona huo ni uungwana. Sisi wa ofisini tuliona ni takwimu.

Aliyetusumbua ni mmoja tu, Bi Marlene Hnatiuk, mkulima mstaafu. Kila Jumanne alimleta mumewe, Orest, kutundikiwa dripu ya dawa kwa saa tano. Orest alikuwa na kiti chake cha kulalia. Marlene alisimama. Viti vya wanaouguza tulikuwa tumeviondoa, ili tupate nafasi ya kuweka meza ya kuwahoji wanaouguza.

Kwenye fomu yetu ya maswali sitini na nne alitoa saba kila mahali, kwa adabu. Lakini kwenye sehemu ya maoni aliandika neno moja: kiti. Wiki iliyofuata, kiti. Tulilijadili neno hilo vikao vitatu. Mtaalamu wetu alishauri kwamba huenda mama huyu anatafuta uthabiti maishani. Tukaliingiza kwenye kundi la "Hisia Nyinginezo", nami nikapandishwa cheo.

Kisha nikafanya maboresho. Sehemu ya maoni niliifuta, isiwachoshe watu. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kutupa chini ya saba, nikafuta pia sifuri mpaka sita. Zilikuwa zinakaa bure tu.

Marlene akaja na kiti chake cha kukunja. Nikaamuru kitolewe, ni fanicha isiyosajiliwa. Jumanne iliyofuata nikamkuta amekalia ndoo ya plastiki, ile ambayo Orest huikalia akivua samaki ziwani kupitia tundu lililotobolewa kwenye barafu.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Ndoo."

"Naona. Ila umeikalia."

"Sasa bwana wewe, ndoo ikikaliwa inageuka sofa?"

Orest alicheka mpaka mashine ya dripu ikapiga kelele. Kamati ilikaa siku mbili, kwenye viti, ikaamua kwamba ndoo si fanicha. Waraka niliusaini mwenyewe.

Mwezi wa Kumi mke wangu, Corinne, aligusa uvimbe kwenye titi lake. Nalisema kwa sentensi moja kwa sababu sijui kulisema kwa mbili.

Jumanne yake ya kwanza ya dripu nilisimama kando yake. Saa ya kwanza nilijisifia jinsi chumba kilivyopangika. Saa ya pili magoti yakaanza kuteta. Saa ya tatu Corinne akatapika, akaunyoosha mkono, nami ilibidi niiname ili niufikie, na mgongo ukanigomea. Niliogopa, jamani. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na mkono wa mke wangu nilikuwa siwezi kuushika zaidi ya dakika mbili. Hilo halimo kwenye ripoti yetu ya kurasa mia tatu kumi na mbili.

Ndoo ikaja ikiburuzika sakafuni, imesukumwa kwa mguu.

"Kaa," Marlene akasema kutoka upande wa Orest.

"Asante, niko sawa. Siwezi kulalami..."

"Garth, kaa chini, unamtia mkeo kizunguzungu! Ndoo si fanicha, umesaini mwenyewe."

"Na wewe je?"

"Mimi nafanya mazoezi ya kusimama tangu Machi. Kwa hisani yako."

Nikakaa. Ilinuka samaki. Nikaushika mkono wa Corinne na sikuuachia.

Hapo ndipo alipofika Joelle, mtafiti wetu kijana, na tableti yake. "Mkurugenzi, samahani, ni utaratibu. Umeridhika kiasi gani na nafasi ya kukaa?"

"Sifuri."

"Inaanzia saba."

"Basi andika kwenye maoni: kiti."

"Maoni yalifutwa." Akainamisha macho. "Na wewe."

Corinne akafumbua jicho moja. "Binti, mwandikie saba. Halafu kamwambie mkurugenzi wenu kwamba ni mpumbavu."

"Ndiye huyu hapa, mama."

"Najua. Nimekaa naye miaka thelathini na moja."

Mashine ya Orest ikapiga kelele tena.

Jumanne iliyofuata niliitoa ile meza nje kwa mikono yangu, nikarudisha viti kumi na viwili. Bodi ya hospitali imeniandikia ikiuliza ni utafiti gani uliothibitisha haja hiyo. Nimewajibu kwamba nilimhoji mtu mmoja, akiwa juu ya ndoo.

Marlene alikuwa wa kwanza kukaa. Nikamuuliza kiti kikoje.

"Siwezi kulalamika," akasema.

Nikaenda mbio kumtafutia mto.