Sufu Ndani ya Kompyuta

Umma unatangaziwa, kwa fahari na kwa heshima zote zinazostahili, kwamba kompyuta ya Mamlaka ya Uratibu wa Shughuli za Miinuko, hapa Nyeri, sasa inapoa. Imekuwa ikipoa tangu Jumatatu. Wale waliosema mjini kwamba Mamlaka haiwezi kununua hata feni waone aibu, na kama aibu hawana, wakaazime kwa majirani.

Mimi naitwa Peterson. Ni Katibu wa Mamlaka, Afisa wa Itifaki, na pia Katibu wa Kamati Ndogo ya Upozaji, cheo ambacho hakina mshahara lakini kina kiti chenye mikono. Sikuombwa na mtu kueleza haya. Nimejituma, kwa sababu kule sokoni kuna watu wanayaeleza vibaya, tena wakicheka.

Mamlaka ina kompyuta moja. Ilikuwa ikikaa chini ya meza ya Mkurugenzi wetu, Bwana Theuri, kwa sababu za usalama na za miguu. Anayeijua Nyeri ya mwezi wa saba haulizi zaidi. Mlima hauonekani wiki nzima, manyunyu hayakatiki, watu wanavaa koti juu ya koti, na sakafu ya ofisi yetu ni saruji tupu. Kompyuta ile ikifanya kazi ilitoa joto zuri ubavuni. Basi kila asubuhi Mkurugenzi alivua viatu, akabaki na soksi zake za sufu ya kijivu alizofumiwa na mamake kule Othaya, akaegemeza miguu pale penye matundu. Nililiita jambo hilo matumizi bora ya rasilimali, na nililisema kikaoni.

Kisha ikaja amri kutoka juu. Kila mtumishi ahakikiwe: jina, picha na alama ya kidole viingie kwenye kompyuta kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Atakayekosa kuingia atahesabiwa kuwa mfanyakazi hewa, na kazi yake imeishia hapo.

Mkurugenzi hakulala. Alitoa waraka siku hiyo hiyo. Wadogo wataanza, wakubwa watafuata, na yeye mwenyewe atahakikiwa wa mwisho kabisa, kwa sherehe, maombi na picha. Tena, kuanzia siku hiyo, chai ya saa nne itakuwa ya waliohakikiwa peke yao, maana huwezi kummiminia chai mtu ambaye bado hatujui kama yupo. Maafisa wakuu walisamehewa hadi siku ya mwisho, kwa kuwa wao kuwepo kwao kunaonekana kwa macho.

Tatizo likawa mashine. Asubuhi ikiwa bado baridi iliwahudumia watu wawili, watatu, halafu ikajizima yenyewe. Ukiiwasha, inajizima tena. Na saa hizo za asubuhi ndizo Mwanasiti alikuwa jikoni akipika chai ya Mamlaka. Mwanasiti ni mama wa mtaa wa Majengo, tunamwita Mama Samiha, na ametupikia chai tangu Mamlaka ilipokuwa na jina lingine. Akimaliza kupika, akija mbio akijipangusa mikono kwa leso, anakuta mashine imezima. Kwa hivyo akawa anapika chai, anawamiminia watu, kisha anarudi jikoni kukaa bila kuionja. Waraka ni waraka.

Siku moja alinishika mlangoni.

"Bwana Peterson, nikikosa kuingia kwa hii mashine, Samiha anarudi nyumbani. Amebakisha mwaka mmoja tu awe nesi. Mimi nitamwambia nini?"

"Mama Samiha, mchakato unaendelea," nikamwambia.

Alinitazama vile mtu hutazama maziwa yaliyokataa kuchemka. Niliumia kidogo, nakiri, kwa sababu sentensi ile ni nzuri na huwa inafanya kazi.

Tukamwita Abdulatif, kijana anayetengeneza kompyuta nyuma ya soko. Alikuja na suruali imechanika magotini, hakuvaa tai, akapiga magoti mbele ya Mkurugenzi bila hata kuomba nafasi ya kuzungumza. Akafungua ubavu wa kompyuta. Akaingiza vidole. Akatoa donge la sufu ya kijivu, kubwa hivi, limejikunja kwenye feni.

"Wadosi," akatuita sisi wakubwa, "ni nani anafuga kondoo hapa?"

Ofisi nzima ilitazama dari. Mkurugenzi alirudisha miguu yake polepole chini ya kiti.

"Si ajabu," akasema Mkurugenzi. "Hiyo gate hukaa wazi. Peterson, fungua faili."

Nikafungua faili, nikaiita Kondoo Asiyejulikana. Askari wa langoni aliandikiwa onyo kali na kuamriwa asipitishe chochote kisichojulikana. Abdulatif alilikodolea macho donge lile, akatazama soksi, akatia donge mfukoni. Sikupenda vile alivyotabasamu.

"Feni imekufa," akasema. "Iko juu ya prosesa, hii kichwa yenyewe inafikiria. Kichwa ikishika moto sana inajizima isiungue. Weka feni mpya, paka hii dawa hapa katikati, funga. Chai haijapoa nimemaliza."

Kijana hakuelewa kwamba Mamlaka haiwekewi feni hivi hivi. Niliunda Kamati Ndogo ya Upozaji: Mkurugenzi mwenyekiti, mimi katibu, na Lynn, karani anayeingiza majina kwenye mashine, akawa mjumbe wa kawaida. Abdulatif alileta sampuli tatu akazipanga mezani.

"Hii ndogo ndiyo ya bei ya chini," akasema. "Prosesa yenu ni mzee, haina moto mwingi. Hii inamtosha kabisa. Hii ndefu ya mabomba ya shaba ni kali, lakini kifuniko ya sanduku haitafunga. Na hii ingine inapoza na maji, iko na taa. Mimi ni mfanyabiashara, nitawauzia hata ya taa, lakini kwa hiyo sanduku yenu haitaingia. Mtaiweka wapi, kwa kabati?"

Mkurugenzi aliigusa ile ya taa. Ikawaka nyekundu, bluu, kijani. Nilimwona amelainika.

"Hii iko na hadhi," akasema.

"Bajeti inatosha ile ndogo peke yake," Lynn akasema. "Na soda."

"Lynn, usiharakishe kamati," nikamwonya. Nikaandika kwamba kwa kuwa sampuli ya tatu inatumia maji, umma wote unaotumia maji lazima ushirikishwe. Kuhusu sampuli ya kwanza, nikaandika kwamba ni ndogo.

Ndipo Mkurugenzi akauliza swali ambalo viongozi wa kawaida wasingeliwaza.

"Ngoja kwanza. Tukiweka feni, hii joto inaenda wapi?"

"Inapulizwa nje, mzee. Hapo kwa matundu," Abdulatif akajibu. "Tena ikipoa vizuri itafanya kazi kwa nguvu, na joto itatoka mingi kuliko saa hii, inakuja na upepo."

Mkurugenzi alisikia neno moja tu.

"Upepo! Ati upepo! Mwezi wa saba! Kwa miguu ya nani?"

Kikao kikaahirishwa. Iliamuliwa kwamba hakuna anayeweza kuelewa upozaji bila kwanza kuchunguza joto lenyewe mahali linapoishi, na joto linaishi Wang'uru, kule Mwea. Ziara ya mafunzo ikapangwa Ijumaa ile ya mwisho, twende asubuhi na turudi jioni kwa sherehe. Lynn alisema pesa za ziara zingenunua feni kumi na mbili. Nilimjibu kwamba feni kumi na mbili haziingii kwenye kompyuta moja, kwa hivyo hoja yake haina mashiko.

Ziara ilifana. Wang'uru kuna jua. Tuliona mashine ya kukoboa mchele yenye feni kubwa, Mkurugenzi akasimama mbele yake kwa muda mrefu, akasema, "Inapuliza." Hiyo ndiyo ripoti. Baadaye tulikula wali wa pishori na kuku, tukavua makoti, na hapo nikaelewa kwa nini mafunzo ni muhimu kwa watumishi wa umma.

Yaliyotokea ofisini siku hiyo nimeyapata kwa Lynn, na nayaeleza kwa masikitiko ya kitaaluma. Miguu ya Mkurugenzi ikiwa Mwea, Lynn aliitoa kompyuta chini ya meza akaiweka dirishani. Akamwita Abdulatif, ambaye aliacha ubavu wa mashine wazi, akasema bila kibali chetu hawezi kufunga feni, lakini hakuna sheria inayokataza upepo. Mwanasiti akasikia. Akaenda jikoni akaleta kile kipande cha katoni anachopepea jiko la makaa.

Akapepea kompyuta ya Mamlaka kwa katoni! Mashine haikuzima. Lynn aliwaita mmoja mmoja, wafagiaji, madereva, hata askari wa langoni, na Mwanasiti akawa anabadilisha mkono ukichoka, hataki mtu amsaidie, anaogopa mtu asije akapepea vibaya mashine ikafa kabla yake. Ilipofika zamu yake, alipepea kwa mkono wa kushoto na kubonyeza kidole kwa wa kulia. Lynn akamwambia, "Mama Samiha, umeingia." Basi akakaa. Akajimiminia chai, vikombe viwili. Kisha akampigia Samiha simu, akalia, akacheka, akalia tena.

Sisi tulifika saa kumi na nusu tukiwa tumenyeshewa. Mimi nilihakikiwa upesi, kwa unyenyekevu, katoni ikiwa bado inapepea. Nilikusudia kuilalamikia baadaye. Lakini Mkurugenzi alipoingia na kuiona, alisimama kama aliyepigwa na stima.

"Hii ni ofisi ama ni kibanda ya mahindi choma? Rudisha hiyo kitu mahali yake!"

"Mzee, wacha nipepee kidogo tu mpaka umalize," Mwanasiti akamsihi. "Ni dakika kidogo, mzee wangu."

"Mama, picha yangu itoke na katoni? Rudi jikoni."

Tukairudisha chini ya meza. Mkurugenzi akavua viatu, maana miguu ilikuwa imeganda kwa mvua, akaibandika pale kwenye matundu, akashusha pumzi. Tukaomba. Akatoa hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, kuhusu kiongozi kuwa wa mwisho kula na wa mwisho kulala, na ilikuwa ndefu inavyostahili. Lynn alitazama saa ya ukutani mara nyingi mpaka nikamkanyaga mguu. Hatimaye akaandika jina. Mkurugenzi akatabasamu kuelekea simu yangu, akaweka kidole.

Kompyuta ikajizima.

Lynn akaiwasha. Ikajizima. Akaiwasha tena, safari hii ikakubali, lakini saa kumi na moja ilikuwa imepita na ukurasa ukawa umefungwa.

"Fungua," Mkurugenzi akasema.

"Haifunguki, mzee. Imefungwa huko juu."

"Waambie ni mimi."

"Mzee," Lynn akasema kwa adabu, "mfumo haukujui."

Jumatatu jibu likaja kutoka juu, likiwa na pongezi. Watumishi wote wa Mamlaka wamehakikiwa. Amepatikana mfanyakazi hewa mmoja tu, mjanja sana, aliyekuwa akila mshahara wa mkurugenzi. Mshahara umesimamishwa, na Katibu atakuwa kaimu.

Nilipokea jukumu hilo kwa huzuni. Kitendo changu cha kwanza kilikuwa kununua ile feni ndogo, ambayo mimi binafsi niliiunga mkono moyoni tangu mwanzo. Abdulatif aliifunga, na kweli, chai ilikuwa bado moto. Joto linatoka pale ubavuni kwa wingi, limechangamka, kuliko zamani. Miguu yangu inathibitisha. Msinitazame hivyo, soksi zangu ni za nailoni.

Jumatatu hiyo hiyo Bwana Theuri alifika saa tatu. Askari wa langoni akamzuia.

"Ni mimi, wewe! Hunijui?"

"Niliandikiwa onyo," askari akasema. "Nisipitishe chochote kisichojulikana."

Akakaa kwenye benchi la wageni, nje ya lango, kwenye manyunyu. Saa nne Mwanasiti akapita na birika. Bwana Theuri alinyoosha mkono.

"Mama Samiha, nimiminie kidogo."

Mwanasiti alisimama. Nilitoka nje haraka kulinda waraka, lakini sikuhitajika.

"Mzee, mimi ningekupa," akasema. "Lakini chai ni ya waliohakikiwa. Uliandika wewe."

Akaingia ndani. Nilidhani yameisha. Akarudi na karai la maji yanayotoa mvuke, akaliweka chini mbele yake.

"Maji moto hukuandika. Toa hizo soksi, utakufa na baridi."

Akazivua. Mwanasiti akazikamua, akazianika kwenye seng'enge. Bwana Theuri akatia miguu kwenye karai, akafumba macho. Wakati huo Abdulatif alikuwa akitoka na mkoba wake wa vifaa. Akazipita soksi, akarudi nyuma. Akatoa lile donge mfukoni, akaliweka kando ya soksi, akapima kwa jicho.

"Boss Peterson," akaniita, "ile faili bado iko wazi?"

Nimeifunga mchana huo huo, kwa wino mweusi. Kondoo amepatikana langoni, akiwa hai, miguu ikiwa kwenye karai.