Sabufa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimetoka kwa shemeji, masikio bado yanavuma. Shemeji ni kaka wa mke wangu, fundi wa friji, mtaa mzima unamwita Fundi Baridi. Kafunga sabufa, spika ya besi ya inchi kumi, sebuleni kwake. Kila bomu likilipuka kwenye filamu, suruali yangu inatikisika mapajani! Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama runinga yangu bado inalia kama nyuki. Watoto wake wakacheka. Mke wangu naye akacheka. Mimi, mwalimu wa fizikia, miaka kumi na minne nachora mawimbi ya sauti ubaoni, nachekwa na mtu anayejaza gesi kwenye friji! Nilimaliza chai yangu. Lazima ninunue, tena kubwa kuliko yake.

Tatizo ni mke wangu. Akiba yetu ni ya cherehani yake, na ameshachagua mpaka rangi.

Jumanne, 4 Juni

Njia imepatikana. Mama mkwe anakuja Ijumaa kukaa nasi mwezi mmoja. Masikio yake yamekuwa mazito. Daktari alisema sauti nyembamba ndizo zimempotea, nene bado anazipata. Hilo ni kweli tupu, sikuongeza chumvi. Nikamwambia mke wangu kwamba mama akiwekewa sabufa, atafuatilia tena tamthilia zake bila kuuliza kila dakika nani kasema nini. Nilitegemea mabishano. Mfukoni nilikuwa na hoja sita kwenye karatasi.

Badala ya kubisha, akafuta machozi kwa kiganja. Akasema cherehani itasubiri, na kwamba hakujua nampenda mama yake kiasi hicho. Hata mimi sikujua. Nimejiona kama mwizi aliyefunguliwa mlango na kupewa kiti. Ile karatasi ya hoja nimeichana vipande vidogo.

Jumatano, 5 Juni

Dukani. Muuzaji kaniuliza ukubwa wa sebule. Nikaongeza hatua mbili upande mmoja na tatu upande wa pili. Hata hivyo akasema inchi nane inatosha, kwani besi ikikizidi chumba inageuka kelele. Nikamuuliza kama amesomea fizikia. Akasema hapana. Nikachukua ya inchi kumi na mbili.

Imeingia mlangoni kwa ubavu. Nimeisukuma kwenye kona, ikabanana na ukuta kulia na nyuma, karibu na kabati la vyombo. Kona huongeza besi. Hilo nalifundisha kila mwaka. Nikawasha. Jamani! Vikombe vyetu vya harusi vikaanza kutembea rafuni. Viwili vilifika ukingoni kabla yangu.

Mke wangu kafagia vipande, akasema si kitu, mradi mama atasikia. Bora angenitukana.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kufutwa kwenye kalenda.

Niliomba ruhusa shuleni. Nilisema mama mkwe anaumwa. Nilikuwa nimesoma kwenye kijitabu cha maelekezo njia ya kitaalamu: sabufa unaiweka kwenye kiti cha msikilizaji, halafu wewe unatambaa kandokando ya kuta, kichwa chini. Pale unapoisikia besi imetulia, ndipo mahali pake. Basi, sabufa kitini, mimi sakafuni, bukta na singlendi. Natambaa, nafumba macho, nasikiliza, natambaa tena. Pembeni mwa meza ya runinga nilipofumbua macho, nikaona viatu. Vya mama mkwe! Kaja siku moja mapema. Fundi Baridi kamshusha nje na kwenda zake kazini.

Nikamwamkia hapohapo chini, miguu na mikono sakafuni. Akaitikia marahaba. Kisha mdomo wangu, bila kuniuliza, ukapaza sauti kwamba natafuta kifungo cha shati.

Mama akaweka mkoba chini. Akapiga magoti. Mama wa miaka sabini na moja, magoti yenyewe mabovu, akaanza kutambaa pamoja nami kutafuta kifungo ambacho hakipo! Nilimsihi aache. Hakusikia, au alijifanya hasikii. Tukaizunguka sebule robo saa nzima, yeye kushoto, mimi kulia, sabufa inaunguruma kitini kama mgeni wa heshima. Mwisho nikanyata hadi chumbani, nikang'oa kifungo cha shati langu la kazini, nikarudi kukidondosha chini ya meza. Akakiona yeye. Akaomba sindano na shati, akakishona palepale, akakata uzi kwa meno.

Nilikaa pembeni yake na bukta yangu nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka.

Jumamosi, 8 Juni

Fundi Baridi kaja kumsalimia mama yake. Siku tano nzima nimekuwa nikijifanyia mazoezi kichwani: namna atakavyoingia, atakavyoiona, atakavyoishiwa maneno. Kaingia, kaiona, kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema mke wangu ameshaieleza familia nzima. Akasema yeye mtoto wa kumzaa hakuwahi kuwaza jambo kama hilo, na sasa anajionea aibu. Yeye ndiye anajionea aibu! Nikaangalia dari.

Nikawasha ili tumalizane. Kona, nilikoirudisha Alhamisi, ikanguruma, madirisha yakalia, mama akaziba masikio yaleyale niliyodai namtibu. Shemeji akaomba ruhusa. Akaivuta sabufa kutoka kwenye kona, akaisogeza karibu na kiti cha mama, akaiacha shubiri moja na nusu mbali na ukuta. Akapunguza sauti. Akachungulia tundu la nyuma linalopumua hewa, akavua soksi yake ya kushoto, akaisokomeza humo. Sauti ikaja safi, nene, imetulia. Hakusema neno hata moja kuhusu fizikia. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Mama akaomba tuweke mkanda wa harusi yetu, pale ambapo marehemu baba mkwe anatoa nasaha. Baba alikuwa na sauti nzito. Mama akaweka kiganja juu ya sabufa na kukiacha hapo muda wote baba alipokuwa akiongea.

"Huyo ni baba yenu," akasema.

Mke wangu akaenda jikoni. Fundi Baridi akainama kuvaa kiatu kwenye mguu usio na soksi. Mimi nilibaki na rimoti mkononi, sijui pa kuitia. Sijawahi kujichukia namna ile nikiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu kaenda sokoni. Mama akanipigia kofi dogo kwenye mto wa kochi, maana yake nikae. Akaniambia sabufa hii sikumnunulia yeye. Nikaanza kula kiapo. Akasubiri nimalize.

"Mwanangu, mtu anayetafuta kifungo hafumbi macho."

Nikauliza, sasa kwa nini alitambaa nami? Akasema alitaka kuona nitafika wapi. Hakukasirika, na hilo lilinivunja kabisa. Akasema sabufa ameipenda, asante, hayo ni kati yake na mimi. Ila binti yake ameacha cherehani kwa ajili ya neno langu, na anastahili kulisikia la kweli. Nimwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu. Yeye hatanichongea.

Nimeahidi. Machozi yalinitoka kweli, si ya kuigiza. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumanne, 11 Juni

Jana sikupata nafasi. Leo jioni nikaipata. Mke wangu anakunja nguo, mama kajilaza chumbani, nyumba kimya. Nikakaa mbele yake. Nikamwambia kuna jambo kuhusu mama ambalo sikumwambia. Akaacha nguo, akanitazama kwa macho yale ya kuniamini ambayo siku hizi nayakwepa hata mezani. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, ya kweli, yamepangwa vizuri.

Bahati mbaya nyuma ya bega lake ilikuwepo runinga. Inchi thelathini na mbili. Fundi Baridi kanipigia mchana leo, kwa furaha tu, kunieleza kwamba amefunga ya hamsini na tano.

Nikasema ni macho. Nikasema daktari ana wasiwasi na macho ya mama, picha ndogo zinamchosha.

Mke wangu kashika kifua, akauliza daktari gani huyo. Nimeomba ruhusa tena shuleni, kesho asubuhi nikamtafute.