Saladi ya Papai Bichi na Kinu Kinachoita Watu

Al-Suwaidi, Riyadh,
Ijumaa, 9 Mei 2014.

Kwa Shangazi Euphrasia,
Mwenyekiti wa Kikao cha Familia,
Al-Baghdadiyah, Jeddah.

Shangazi Mheshimiwa,

KUH: MALALAMIKO JUU YA SALADI YA KITHAI ULIYONIPA

Leo nitakueleza yote, hata yale yanayoniaibisha. Mwalimu Nehemiah, anayetufundisha Kiswahili kila Jumamosi, anasema mlalamikaji anayeficha nusu ya habari amemwandikia mshtakiwa utetezi wake. Ningeweza kukupigia simu, lakini wewe mwenyewe ulisema malalamiko ya simu ni kelele tu, ya karatasi ndiyo malalamiko. Basi haya hapa ya karatasi. Anko Dalmas atayabeba kwenye lori lake kesho asubuhi.

Naomba kwanza kukumbusha hali ilivyo. Mama alipohamishiwa kikazi hospitali ya Jeddah mwezi wa pili na kuja kukaa kwako, kikao cha familia kiliamua nibaki Riyadh na Baba kwa majaribio mpaka shule zifungwe. Masharti yalikuwa matatu. Nijilishe mwenyewe kuanzia saa nane, ninapotoka shule, mpaka saa kumi na mbili, Baba anaporudi kazini. Nisiwashe gesi. Nisiwe mzigo kwa majirani. Nikishindwa hata sharti moja, mwezi wa saba napelekwa shule ya bweni Kisii, na wazazi wangu nitakuwa nikiwaona Krismasi, ikiwa watapata ruhusa.

Ni wewe uliyenitetea siku ile. Ulisema kuna saladi ya Kithai ya papai bichi, uliyofundishwa na mpishi mwenzako aliyewahi kufanya kazi Bangkok, ambayo tangu kuzaliwa kwake haijui moto. Ukaniandikia maelezo nyuma ya kalenda. Nilikushukuru, na shukrani hiyo siirudishi nyuma. Hata hivyo nina malalamiko yafuatayo:

1. Papai lenyewe. Muuza matunda wa mtaani kwetu ni Myemeni mcha Mungu, na anaona kumuuzia mtu papai bichi ni dhuluma. Kila nilipochukua la kijani alinipokonya kwa upole, akanipa lililoiva, akaongeza ndizi moja ya huruma. Kwa wiki mbili Baba na mimi tulikula mapapai matamu kwa huzuni. Mwishowe Baba akamwambia kuwa ni dawa. Sasa ananichagulia magumu kama mawe, na kila mara anauliza kama mgonjwa amepata nafuu. Najibu alhamdulillahi, nikitazama chini.

2. Maneno yako "ponda kidogo". Shangazi, wewe na mimi tumelelewa na mtu mmoja, yaani mama yako, ambaye ndiye nyanya yangu. Kwake kidogo si kipimo. Kwake kinu hakiachwi mpaka kilichomo kimesahau kilikuwa nini. Kwa hiyo nilitwanga papai, nyanya ndogo, maharagwe mabichi, karanga na uduvi kwa dakika ishirini, nikabadilisha mkono mara mbili, nikajisifu kwa sauti. Kilichotoka kilikuwa uji wa kijani wenye macho ya uduvi. Baba alikula kwa kijiko, kisha akauliza kama daktari wa meno amenipigia simu kuniambia kwamba yeye hana meno tena. Sasa najua kwamba papai hukatwa nyuzinyuzi, na hupondwa tu mpaka lilegee na kukubali ndimu. Hukuliandika hilo. Nakiri pia kwamba sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia kila mtu darasani kuwa mimi ni mpishi wa vyakula vya Asia.

3. Pilipili "upendavyo". Sikuwa najua nipendavyo. Nilitia saba, kwa kuwa saba ni namba njema. Kipengele hiki usimsomee Mama.

4. Kinu. Hapa ndipo kesi ilipo, na naomba usome ukiwa umekaa.

Sisi hatuna kinu. Nilimwomba Ummu Saleh, mke wa mwenye nyumba, anayekaa chini yetu, naye akanipa cha shaba, kizito kama mtoto wa miaka miwili. Kilikuwa cha baba mkwe wake. Sasa Shangazi, wewe umekaa nchi hii miaka kumi na moja, na haiwezekani hukujua. Watu wa zamani wa hapa, mtu akitwanga kahawa, aligonga mchi ukingoni mwa kinu makusudi, kikalia kama kengele, ili majirani wajue kahawa ipo na waje. Ilikuwa aibu kinu kulia na mlango kufungwa. Hayo yote nimeyajua baadaye. Mimi nilikuwa nagonga mchi ukingoni ili papai lililonata lidondoke. Niliugonga kwa bidii, tena kwa mapigo, kwa sababu niliona mlio wake unapendeza.

Nikasikia kikohozi ngazini. Alikuwa Abu Saleh, mwenye nyumba, na wazee wenzake wawili, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, mmoja amejitia manukato. Nilisema nikiwa nyuma ya mlango kwamba Baba yuko kazini. Abu Saleh hakuondoka. Alisema taratibu, kama mtu anayetoa habari za msibani:

"Binti, kinu cha baba yangu hakijaita tangu tuliponunua mashine ya umeme. Leo kimeita. Kahawa iko wapi?"

Shangazi, kahawa ni moto. Na moto ni Kisii.

5. Kwa hiyo niliwapa saladi. Ummu Saleh alipanda akaingia kukaa nami, wazee wakakaa ngazini, sahani ikapita mlangoni. Wote watatu wakakohoa kwa pamoja. Nilifikiri nimeua wazee watatu kwa sahani moja na nikaanza kutafuta kwenye daftari langu la Kiarabu neno la kuomba radhi. Kisha nikasikia Abu Saleh akipenga kamasi. "Yalla," akasema, "ongeza." Mzee wa manukato akaamua kwamba hii si kahawa, ila inaamsha kuliko kahawa.

Tangu siku hiyo wanakuja kila siku saa nane na nusu. Ummu Saleh huja na birika la kahawa iliyokwisha kupikwa kwake, kwa kuwa nilimweleza habari za gesi, na sahani ya tende. Hunikagulia hata daftari la kazi za shule. Hajui kusoma, lakini palipofutwa sana hukunja uso, na mpaka leo hajakosea hata mara moja.

6. Nimejaribu kujirekebisha. Jumapili nilifunga mchi kwa soksi ya Baba (safi), kinu kikawa bubu. Haikupita robo saa, Ummu Saleh akapanda mbio bila viatu, akanishika paji la uso, akanitazama ulimi, akauliza nani kaniudhi. Aliona saa imepita na nyumba haijalia. Hivyo nikigonga ni mzigo kwa majirani, nisipogonga ni mzigo mkubwa zaidi, na tena wa kupanda ngazi.

Kwa sababu hizo, naomba kikao kifanye yafuatayo:

(a) Saladi hii iondolewe kwenye orodha ya vyakula visivyo na hatari. Sijaona moto wa gesi uliojaza ngazi watu kiasi hiki.

(b) Umwandikie Abu Saleh, kwa Kiarabu chako kizuri, kwamba ukoo wetu ni wa chai.

(c) Wathai waombwe rasmi, kupitia mpishi mwenzako, watangaze popote kwamba kinu chao ni cha udongo au cha mti, nacho hakiiti mtu.

(d) Hospitali imrudishe Mama Riyadh. Sababu ni kwamba nyumba inayokosa mama mmoja huanza kuvuta mama wa nyumba nyingine, na hiyo ni hasara kwa nyumba hizo. Ombi hili nimeliweka la mwisho ili lisionekane kuwa ndilo nililoanza nalo.

Kwa uaminifu niliofundishwa, nakiri kwamba sharti la tatu nimelivunja siku kumi na tisa mfululizo. Sharti la kwanza na la pili nimeyatimiza, lakini sheria ni sheria. Kikao kikiamua Kisii, nitafunga sanduku langu mwenyewe na sitalia mbele ya watu.

Nisalimie Mama sana. Mwambie Baba hajambo, amepungua tumbo kidogo na anasema ni mazoezi. Msalimie Dada Magdaline mnayekaa naye, mwambie kitambaa alichonipa nakifunga kichwani nikitwanga. Msalimie na mpishi wa Bangkok, ingawa ndiye mshtakiwa wa pili.

Ni mimi mtoto wenu mtiifu, mlalamikaji,

Valentine Kemunto

N.B. Niliahidi kusema yote, na kuna moja limebaki. Jumatano nilirudi na alama mbaya ya hesabu, mbaya kuliko zote za mwaka huu. Baba alikuwa kazini. Nilimpigia Mama, simu ikaita mpaka ikakatika, nikakumbuka ana zamu ya mchana. Nyumba ilikuwa kimya hadi nikawa nasikia friji. Papai halikuwepo, wala ndimu, wala uduvi, na sikuwa na njaa. Nilichukua kinu kikiwa kitupu kabisa, nikagonga ukingo wake mara tatu.

Walikuja wote. Abu Saleh akakohoa ngazini, wenzake nyuma yake. Ummu Saleh akaingia, akachungulia ndani ya kinu, akaona shaba tupu. Hakuuliza saladi iko wapi. Alinimiminia kahawa nusu kikombe, akaniwekea tende mkononi, akakaa karibu nami mpaka nilipomaliza kusahihisha hesabu zote.

Anko Dalmas anarudi Riyadh Jumatatu, kwa hiyo naomba unijibu kwa mkono wake, hata kama ni kwa mstari mmoja: hilo la Jumatano, kwa maana ya kikao, ni kuwa mzigo kwa majirani, au ni kuwa na majirani?