Woki Maana Yake Kubiringika

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli, ambaye amepata udhuru, hivyo ni mimi tena. Mapadri, wachungaji, wazee wenye mikongojo, kina mama wa Isingiro, na ninyi wengine mliofuata soda: itifaki imezingatiwa! (Makofi machache.)

Mimi Mutalemwa, Kaimu Mratibu wa Njia za Miguu, nimekuja kuwazindulia wokiwei ya kisasa, ya saruji na vyuma vya kushikilia, kutoka kilimani hapa hadi zahanati kule bondeni, ili mama mjamzito asiteleze tena. (Vigelegele.) Lakini, ndugu wananchi, huwezi kuzindua wokiwei kabla ya kuifanyia analisisi woki yenyewe. Nimefanya risechi. Neno woki, kwa Kiingereza cha mababu zao, halikuwa kutembea hata kidogo. Lilikuwa kubiringika, kujigeuzageuza kama pipa lililomponyoka mlevi! (Kicheko.) Baadaye waliokuwa wakikanyaga nguo za sufu kwa miguu ili zishikamane, kama ninyi mnavyokanyaga ndizi za pombe yenu ya rubisi, wakaitwa akina Woka, na jina hilo wajukuu zao wanalo hadi leo. Kutembea kumekuja nyuma kabisa, kama kitindamimba.

Kwa hiyo Bibi Nyirabageni alipoteleza juzi na kapu lake la maharage, akaenda mzimamzima hadi mgombani kwa Polikarpi, mlisema ameanguka. Hakuanguka! Alifanya woki, tena orijino! (Nyirabageni: "Njoo na wewe unioneshe, mwanangu!" Kicheko kirefu.) Takwimu za ofisi yangu zinaonesha asilimia mia ya waliobiringika walifika chini. Niambieni, wilaya gani nyingine ina pafomansi hiyo?

(Stephania, kutoka nyuma: "Mheshimiwa, mkwe wangu Uwingabire kashikwa na uchungu! Tumpitishe wapi?")

Tulia, mama. Uchungu nao ni prosesi. (Zomeazomea. "Toa gari!") Gari ni la itifaki, halibebi uchungu! Nikisema Woki, ninyi semeni Maendeleo. Woki! ("Gari!") Woki! ("Gari!")

Basi, nahitimisha kwa kumshukuru mfadhili, ambaye tunaendelea kumtafuta; mkandarasi, siku tukimpata; saruji, popote ilipo; na dereva wangu, ambaye naona ameshampakia Uwingabire na kuondoka kwa barabara ya mzunguko, baada ya kuwaambia, bila kibali changu, kwamba nyuma ya huu utepe ni majani matupu. Asanteni kwa kunisikiliza.